Kumchagulia mtoto kitabu: maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa mezani tunapouza vitabu, kwenye magulio na nje ya shule siku za vikao vya wazazi, kuanzia Mtwara mjini hadi Newala, Masasi na Nachingwea. Ya msingi yametangulia, ya mazingira ya pekee yako mwishoni. Jibu likishatolewa mahali pamoja, kwingine tunakuelekeza hapo badala ya kulirudia.

## Kwa kuanzia

1. Mtoto aanze kununuliwa vitabu akiwa na umri gani?

Kabla hajajua kusoma. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anataka picha kubwa za vitu anavyovijua: kuku, mtumbwi, mwembe, mama anatwanga. Atakitafuna na kukichana, kwa hiyo cha umri huo kiwe cha karatasi ngumu au cha bei ndogo. Kitabu kinachofungiwa kabatini kisichafuke hakina kazi.

Akiingia darasa la awali, sentensi moja kwa ukurasa inamtosha. Darasa la kwanza na la pili, ambako kazi kubwa ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), tafuta mistari miwili hadi minne kwa ukurasa, herufi kubwa na maneno ya silabi nyepesi. Maneno yenye *ng'*, *mbw* na *nyw* yawepo machache tu. Kuanzia darasa la tatu anaweza kubeba hadithi yenye sura fupi fupi. Umri ulioandikwa nyuma ya kitabu uchukulie kuwa makadirio; kipimo halisi kiko swali la 2.

2. Nitajuaje kama kitabu kinamfaa mwanangu?

Wazazi wengi humwambia mtoto, "Hebu soma." Mtoto anasoma ukurasa mzima bila kukwama, mzazi anatoa pesa. Kwa Kiswahili kipimo hicho hakitoshi. Maneno yetu yanasomwa kama yalivyoandikwa, hivyo mtoto aliyekwishashika silabi anaweza kutamka chochote, hata tangazo la mnada wa korosho, asiambulie maana. Mpe sentensi kama hii: "Fisi akajikokota kwa simanzi hadi pangoni." Mtoto wa darasa la tatu ataisoma kama maji. Sasa muulize, "Fisi alikuwa na hali gani?" Ataangalia picha, kisha atakuangalia wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwache asome kurasa mbili kimya kimya, funga kitabu, mwambie akusimulie. Akisimulia kwa maneno yake mwenyewe, hata akichanganya na Kimakonde, kitabu kinamfaa. Akikurudishia sentensi ya mwisho kama ilivyo, hajakielewa.

Njia nyingine ni ya vidole. Kila akikutana na neno asilojua maana yake, akunje kidole kimoja. Mkono mzima ukikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kirudishe mezani. Kidole kimoja au viwili ni vizuri, hayo ndiyo maneno mapya anayokuja kuyapata. Angalizo: usimuulize "Umelijua hili neno?" Watoto wetu wameshazoea kuitikia ndiyo kwa mkubwa. Muulize maana.

Na kama vipimo vyote vimekubali lakini mtoto hana hamu ya kujua kilichompata yule fisi, usinunue. Kitabu kirahisi atakachokimaliza kina faida kuliko kile cha kumfanya aonekane ana akili mbele ya wageni.

3. Kitabu cha kiada, cha ziada na cha hadithi vinatofautianaje?

Cha kiada ndicho anachofundishiwa darasani kwa kufuata muhtasari wa somo, na kwa shule za msingi vitabu hivyo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Cha ziada hupanua somo. Vitabu vilivyokaguliwa na kukubaliwa kutumika shuleni huwa na maelezo ya ithibati kwenye jalada au kurasa za mwanzo, yatafute kabla ya kulipa. Cha hadithi hakifungwi na somo lolote.

Kwenye vitabu vya masomo kuna mtego mmoja. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, likiwemo la kwanza na la tatu, na chini yake elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Vitabu vya mtaala wa zamani bado vimejaa madukani na vinauzwa kwa punguzo la kuvutia. Muulize mwalimu wa darasa mwanao anafuata mtaala upi, ikiwezekana upige picha jalada la kitabu anachotumia. Vitabu vya hadithi havina shida hiyo, hadithi haichachi.

4. Si bora pesa yote iende kwenye vitabu vya maswali na majibu, maana mtihani ndio unaompeleka sekondari?

Hapana. Swali la hisabati siku hizi ni habari nzima: mkulima kavuna magunia kadhaa, kauza haya, kagawa yale. Mtoto anayesoma kwa kujikongoja atachoka kabla hajafika kwenye kutoa na kugawanya. Kasi na uelewa huo vinatokana na kusoma kurasa nyingi za kitu kinachomvutia, yaani hadithi. Kitabu kimoja cha mitihani iliyopita, kinunuliwe mwaka wa mwisho, kinatosha. Akipewa mapema atakariri kwamba jibu la swali la saba ni C.

## Lugha

5. Nyumbani tunazungumza Kimakonde (au Kimwera, Kiyao, Kimakua). Vitabu vya Kiswahili havitamchanganya?

Havitamchanganya. Mtoto wa Newala vijijini anayekwenda shule mara ya kwanza akiwa na Kimakonde tupu hana upungufu wa akili, ana upungufu wa maneno ya Kiswahili, na maneno hayo atayapata kwa kusikia hadithi. Mwelezeni kisa kizima kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha mfungueni kitabu cha Kiswahili chenye kisa hicho hicho au kinachokaribiana nacho. Hadithi za sungura na fisi zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu bibi anazijua tayari.

Kwa watoto hawa chagua kitabu ambacho picha inabeba maana yote. Kama maandishi yanasema "Juma alipanda ngalawa" na picha inaonyesha maua tu, kimeandikiwa mtoto anayekijua Kiswahili tangu kwao.

6. Vitabu vya hadithi vya Kiingereza vianze lini?

Tunashauri vyembamba vianze darasa la nne au la tano, kwa sababu Kidato cha Kwanza masomo mengi yanageuka ghafla kuwa ya Kiingereza na wengi huangukia hapo. Chagua cha chini sana kuliko kiwango chake cha Kiswahili. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufurahia kitabu cha Kiingereza cha sentensi mbili kwa ukurasa, mradi wahusika wasiwe watoto wachanga. Kanuni ya vidole (swali la 2) inafanya kazi hapa pia.

Vitabu vya lugha mbili, Kiswahili huku na Kiingereza kule, ni vizuri, ila mtoto mjanja husoma upande mmoja tu. Funika ule wa Kiswahili kwa karatasi, aufunue akikwama.

## Yaliyomo ndani

7. Hadithi za sungura hazimfundishi mtoto utapeli?

Swali hili huulizwa zaidi na kina baba. Sungura ni mdogo kuliko wote porini na hana nguvu za kumshinda fisi wala simba; anashinda kwa kufikiri. Watoto wanalielewa hilo vizuri, na wanajua pia kwamba kuna siku sungura anazidiwa akili na kobe. Ukiwa na wasiwasi, muulize mtoto: "Ungekuwa wewe fisi, ungemsamehe?" Mazungumzo yatakayofuata yana faida kuliko kile kisanduku cha "Funzo" kilichochapwa ukurasa wa mwisho, ambacho kwa maoni yetu watoto wote hukiruka.

8. Kuna vitabu vinavyohusu huku kwetu Kusini?

Ni vichache kuliko tunavyostahili, lakini mambo yenyewe yapo tele, na mzazi anayeyajua atachagua vizuri zaidi.

Mtoto wako akipenda wale mijusi wakubwa wa kale, anza na Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapo mifupa ya mijusi walioishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Kazi ngumu ilifanywa na mamia ya vibarua wa huku, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mjusi maarufu kuliko wote amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Vitabu vya zamani humwita *Brachiosaurus*, vipya humwita *Giraffatitan*. Ukiona majina hayo mawili usidhani kimoja kimekosea. Basi ukishika kitabu cha mijusi hao, pekua uone kama Tanzania imetajwa. Visipoitaja Tendaguru sisi hatuvikatai, ila tunamwambia mtoto aandike mwenyewe kwa penseli pembeni: "Huyu katoka kwetu."

Kuna Kilwa pia. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kitabu cha historia cha watoto kinachoanza habari za pwani kwa kuja kwa Wareno kimeruka karne nzima nzima za watu waliojenga misikiti ya mawe na kufanya biashara ya dhahabu. Hicho kiache.

Halafu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia Umatumbi, kwenye vilima vya wilaya ya Kilwa ya leo, pale watu wa Nandete walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Kwa kijana wa kidato cha tatu na kuendelea ipo tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyochapishwa 1969. Mdogo zaidi ya hapo atachoshwa nayo, na si kosa lake.

9. Vitabu vya nje vyenye theluji na majumba ya kifalme vina ubaya?

Havina ubaya vikiwa viwili vitatu. Tatizo ni rafu nzima kuwa hivyo, mtoto akadhani watu wa vitabuni hawali muhogo wala hawachezi mchangani. Changanya.

10. Na hadithi za majini na uchawi?

Inategemea mtoto. Anayeogopa kwenda uani usiku baada ya kuzisikia, msubirishe. Kwa familia zenye msimamo wa dini kuhusu jambo hili, soma kurasa chache za katikati kabla ya kununua. Mwanzo wa kitabu huwa mpole.

## Vijana

11. Mwanangu yuko sekondari na hashiki kitabu kabisa, anashika simu tu. Nifanyeje?

Anza na anachokipenda hata kama wewe hukipendi. Anayefuatilia mpira, gazeti la michezo ni kusoma. Katuni ni kusoma. Wapo walimu wanaozinyang'anya, na hapo hatukubaliani nao: kijana anayemaliza kitabu cha katuni kila wiki ana safari fupi kwenda kwenye riwaya kuliko yule asiyemaliza chochote.

Usimnunulie riwaya zilizomo kwenye fasihi teule ya darasani ukatarajia azifurahie. Kwake hiyo ni kazi ya mwalimu. Mpe vitu vifupi, hadithi za kurasa kumi au kumi na tano, za upelelezi, safari au vichekesho. Na msiache kuangalia waandishi wapya wa Kiswahili. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeibua kazi mpya, na ina kipengele cha hadithi za watoto pia.

12. Binti yangu ameshatoka unyagoni. Kitabu cha balehe kina haja gani tena?

Kina haja. Unyago na jando vina mafunzo yake, na wazee wanaovisimamia wanajua wanachofanya. Kitabu kizuri kinaongeza yale ambayo kungwi hana muda wa kuyachora: jinsi viungo vya uzazi vinavyofanya kazi, siku za hedhi zinavyohesabiwa, mimba inavyotungwa hata kwa mara ya kwanza, na binti afanye nini mtu mzima akimshika asipotaka. Tafuta chenye michoro ya heshima na lugha ya moja kwa moja. Kikizungukazunguka kwa mafumbo hakijakusaidia. Kisome wewe kwanza, kisha kiache mahali atakapokiona. Wavulana nao wanahitaji, ingawa hakuna mzazi anayewaulizia.

Riwaya za mapenzi ni jambo jingine. Zile za stendi zenye jalada la picha ya kushtua zijue kwa jalada lake. Lakini riwaya nzuri ina mapenzi ndani, kama maisha yalivyo, na kijana wa miaka kumi na sita anaweza kuisoma na kuijadili.

13. Kijana wangu ana miaka kumi na tatu na bado hajui kusoma vizuri. Akipewa vitabu vya darasa la kwanza anaona aibu.

Ana haki ya kuona aibu. Tafuta kitabu chenye maandishi machache lakini mambo ya rika lake: ufundi baiskeli, uvuvi, kipa wa timu ya kijiji. Kava lisiwe na katuni za vidudu wala neno "Darasa la I". Ukikosa, mwambie asimulie kisa chake, andika kwa herufi kubwa kwenye daftari kwa maneno aliyotamka yeye, kisha asome hicho. Maneno atakuwa anayajua yote, kwa hiyo kazi inabaki ya herufi peke yake.

## Pesa na upatikanaji

14. Wakati gani mzuri wa kununua?

Pesa ya korosho ikiingia. Minada huanza Oktoba, na shule zinafunguliwa Januari. Katikati hapo kuna harusi, mabati, pikipiki na madeni ya sulfa ya mikorosho, na Januari ikifika mtoto ananunuliwa madaftari kwa mkopo. Malipo yakishaonekana benki, tenga ya vitabu siku hiyo hiyo. Ukiwa na shilingi 20,000, nunua hadithi nyembamba kadhaa kuliko kitabu kimoja kinene chenye kava gumu. Anayeishi mbali na mji amtume dereva au mwalimu anayekwenda Mtwara au Masasi, lakini amwandikie jina la kitabu, darasa na mtaala kwenye karatasi. Ukimwambia "kitabu cha hadithi" utaletewa chochote.

15. Na nisipokuwa na pesa kabisa?

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba za mikoa, ikiwemo ya Mtwara. Uliza utaratibu wa kuandikisha mtoto. Kwenye simu, Maktaba Mtandao ya TET ina vitabu vya kiada bila malipo, na African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri, msome nyumbani bila bando. Kwa mdogo kabisa ni afadhali kuchapa steshenari kuliko kumpa simu mkononi. Simu inavyokuja kuwa baadaye, mzazi wa swali la 11 anajua.

16. Kopi za bei rahisi zinazouzwa barabarani je?

Ni wizi kwa mwandishi, na wewe mwenyewe unapunjwa. Wino unashika vidole, kurasa zinaruka, picha ni weusi mtupu. Vilivyotumika ni halali na tunavipendekeza: hesabu kurasa tu, hasa za mwisho.

17. Vitabu vinaliwa na mchwa. Nivihifadhije?

Visilale sakafuni wala kuegemea ukuta wa udongo. Mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye msumari ni salama kuliko sanduku lililowekwa chini, na mtoto anaufikia. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, vitoe nje kila baada ya siku chache wakati wa jua la asubuhi, dakika chache, vikiwa vimefunguliwa. Jua kali la mchana linakausha gamu na kurasa zinachomoka. Ukivalisha kava la nailoni, usilibane hadi likafungia unyevu ndani.

## Mazingira ya pekee

18. Mwanangu ana ualbino na anasogeza kitabu hadi puani.

Kusogeza hivyo hakumuumizi macho, mwache asogeze. Mnunulie chenye herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Kurasa zenye maandishi juu ya picha ya rangi ziepuke. TET huandaa vitabu vya kiada vya maandishi yaliyokuzwa na vya nukta nundu. Mwalimu mkuu ndiye wa kuviulizia. Vya hadithi vikikosekana, mpakulie kwenye simu na umkuzie maandishi (swali la 15). Akae kivulini mwanga ukitokea nyuma yake.

19. Mimi mwenyewe sijui kusoma. Nitamchagulia vipi?

Pitia picha toka mwanzo hadi mwisho. Ukiweza kubahatisha kisa kwa picha peke yake, kitabu kimetengenezwa vizuri. Kisha mtoto akusomee jioni, wewe ukae kama msikilizaji wa kweli: umkatize, "Ehee, halafu?", umwulize kwa nini yule mama hakurudi. Kipimo cha swali la 2 hakidai mzazi asome, kinadai asikilize. Zamu yako ikifika, anza na "Paukwa!" na umpe hadithi uliyopewa na bibi yako. Wengine wetu tuliopata vitabu ukubwani tulianzia hapo.

20. Mimi ni mtu wa huku ninayeishi Dar es Salaam, nataka kuipa shule yangu ya zamani kijijini vitabu. Nitume vipi?

Usikusanye vilivyojaa nyumbani kwako. Shule nyingi zimeshapokea maboksi ya vitabu vya Kiingereza vya chuo na magazeti ya zamani, na hakuna anayejua wayatupe wapi. Mpigie mwalimu wa darasa la pili, si ofisi tu, umuulize watoto wangapi wanasoma kwa ufasaha. Kisha nunua hadithi chache za Kiswahili, kila moja nakala tano hadi kumi, ili kikundi kizima kisome kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Nakala moja moja za vitabu vingi huishia kabatini kwa mwalimu mkuu, ufunguo kwa mtu aliyesafiri. Muombe mwalimu awaruhusu watoto waende navyo nyumbani, na umwambie mapema, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba vikichakaa au kupotea hakuna atakayedaiwa.